Kusafisha habari kabla haijachapwa: mwongozo kwa waandishi wa Mtwara na Lindi

Herufi mbili tu zinatenganisha "ameua" na "ameuawa". Zikidondoka katika habari ya ugomvi wa mpaka wa shamba huko Newala, marehemu anageuka muuaji mbele ya wanawe, na gazeti limeshafika stendi. Mhariri aliyeko Dar es Salaam hamjui marehemu wala muuaji. Yeye ataona sentensi iliyonyooka kisarufi, ataipitisha, na kosa litasafiri hadi kwenye mlango wa wafiwa.

Ndiyo maana sianzi na koma wala herufi kubwa, kama miongozo mingi inavyofanya. Naanza na makosa yanayomuumiza mtu, kisha yanayompotosha msomaji, na mwisho yale yanayoudhi macho tu. Mwongozo huu ni kwa mwandishi anayetuma habari kutoka wilayani, kwa anayehariri jarida la halmashauri au la shule, na kwa mtu yeyote wa kusini anayeandika Kiswahili kitakachosomwa na asiowajua.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu vitatu: kamusi, daftari na muda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) mara ya kwanza mwaka 1981, inatosha kwa kazi nyingi. Ukipata toleo jipya ni bora zaidi. Daftari ni la kuandikia makosa yako mwenyewe, nitalirudia. Muda ndio mgumu, kwa sababu habari za kusini hukimbizana na saa ya kufunga kurasa. Hata hivyo, robo saa ya kuiacha rasimu, ukanywa chai, ukarudi na macho mapya, hubadilisha mambo. Aliyetoka kuandika husoma alichokusudia, si alichoandika.

Usisome mara moja ukitafuta kila kitu. Soma mara kadhaa, kila mara ukitafuta aina moja ya kosa. Kwa habari ya maneno mia nne kazi hii haichukui muda mrefu, na ni njia pekee ninayoiamini.

Hatua ya kwanza: nani alitenda, nani alitendewa

Pitia vitenzi vyote vyenye madhara: kuua, kuiba, kupiga, kubaka, kudai, kutapeli. Kwa kila kimoja jiulize aliyetenda ni nani na aliyetendewa ni nani. "Mhasibu wa chama cha msingi ameiba" na "mhasibu wa chama cha msingi ameibiwa" ni habari mbili tofauti, na ya kwanza inaweza kukupeleka mahakamani. (Chama cha msingi ni chama cha ushirika cha wakulima.) Kwenye vichwa vya habari hatari ni kubwa zaidi kwa sababu maneno ni machache: "Mkulima aua Masasi", "Mkulima auawa Masasi". Kumbuka pia kwamba tahajia sahihi ni "ameuawa". "Ameuwawa" haimo kwenye Kiswahili sanifu, ingawa utaiona hata kwenye vichwa vikubwa.

Kitenzi "kudai" kinahitaji uangalizi wa pekee msimu wa korosho. Soma sentensi hii: "Wakulima wa kijiji hicho wanadaiwa Sh milioni 40." Je, wakulima ndio wenye deni, au wao ndio hawajalipwa? Mara nyingi mwandishi alikusudia kwamba wakulima hawajalipwa, lakini alichoandika ni kinyume chake. Tena "anadaiwa" hutumika pia kwa maana ya "inasemekana", kama katika "anadaiwa kuuza korosho nje ya mfumo rasmi". Dawa ni kutaja pande zote mbili na kutumia kiambishi cha mtendwa: "Wakulima wanakidai chama chao cha msingi Sh milioni 40." Hapo hakuna wa kubabaika.

Kisha angalia hadhi ya mtu mbele ya sheria. Aliyekamatwa na polisi ni mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Hawi mkosaji hadi mahakama imtie hatiani. Kuandika "mwizi huyo alifikishwa mahakamani" ni kutoa hukumu kabla ya hakimu.

Hatua ya pili: majina na tarakimu

Majina ya kwetu yana mitego ambayo mtu wa mbali hataigundua, kwa hiyo ni wajibu wako wewe uliye karibu. Nanyamba ni halmashauri ya mji upande wa mashariki wa Mkoa wa Mtwara. Nanyumbu ni wilaya iliyoko magharibi, mbele ya Masasi, na makao yake ni Mangaka. Ukibadilisha herufi hizo umehamisha mradi wa maji kutoka ncha moja ya mkoa hadi nyingine. Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Kilwa Kisiwani ni mahali patatu. "Kilwa" peke yake haitoshi mtu akitaka kujua ajali imetokea wapi. "Tandaimba" haipo, ipo Tandahimba.

Herufi kubwa nazo zina kazi. Mtama ni jina la halmashauri mkoani Lindi, na mtama ni nafaka. "Wakulima wa Mtama" wanaweza kuwa wanalima ufuta. "Wakulima wa mtama" wanaweza kuwa wako Dodoma. Vivyo hivyo "Kilwa masoko" kwa m ndogo humfanya msomaji adhani unazungumzia masoko ya bidhaa.

Usisahau ritifaa, yaani ile alama ndogo ya juu katika ng'. Ng'apa, iliyoko Lindi, ikiandikwa "Ngapa" inasomeka vibaya, na simu nyingi hugeuza alama hiyo ikawa ya kufungulia nukuu au huifuta kabisa habari inapohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine. Itafute kwa macho katika toleo la mwisho, si katika rasimu.

Majina ya watu: mwombe mhusika aandike jina lake kwenye daftari lako kwa mkono wake. Usiandike kwa kusikia. Jina la mtu ndilo neno pekee katika habari ambalo yeye mwenyewe atalitafuta kwanza.

Tarakimu zisome kwa kikokotoo. Ukiambiwa mnadani zimeuzwa tani 2,500 kwa wastani wa Sh 3,000 kwa kilo, zidisha: tani moja ni kilo 1,000, kwa hiyo ni kilo 2,500,000, na thamani yake ni Sh bilioni 7.5. Ukiona rasimu imeandika "Sh milioni 7.5", kosa limeonekana kabla mkulima hajaliona. Angalia pia koma na nukta. Sh 3,015 ni bei, Sh 3.015 ni shilingi tatu na senti. Na eleza bei unayoitaja ni ipi: ya juu, ya chini au ya wastani, na kama ni ya mnadani au ndiyo itakayomfikia mkulima baada ya makato. Neno "bei" likiachwa peke yake linazua ugomvi kwenye vyama vya msingi, na nimeona wenyeviti wakiulizwa maswali makali kwa sababu ya sentensi isiyokamilika.

Kuhusu wakati: magazeti makubwa huchapwa Dar es Salaam na kusafiri njia ndefu kuja kusini, hivyo "jana" yako huenda isiwe "jana" ya msomaji. Andika siku na tarehe. Na mashine ikisimama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, andika "ilisimama kwa muda wa saa tatu", maana "mashine ilisimama saa tatu" inaweza kumaanisha saa tatu ya kwenye saa ya ukutani. "Masaa" liache, saa hubaki saa hata zikiwa nyingi.

Hatua ya tatu: upatanisho wa sarufi

Hapa ndipo makosa yamejaa kuliko mahali pengine popote, na yanatokana na sababu moja: mwandishi anapofika kwenye kitenzi amekwisha kusahau sentensi ilianza na nini. Katikati kumeingia maneno mengi, na kitenzi kinapatana na jirani badala ya kupatana na mwenye sentensi.

Tazama: "Ujenzi wa vyoo vya shule za msingi katika Halmashauri ya Wilaya ya Nachingwea vimekamilika." Kilichokamilika ni nini? Ni ujenzi. Basi "umekamilika". Nyingine: "Bei ya korosho katika mnada wa kwanza zimepanda." Iliyopanda ni bei moja, kwa hiyo "imepanda". Na hii: "Idadi ya wanafunzi waliofaulu wameongezeka." Wanafunzi hawaongezeki ndani ya sentensi hiyo, idadi ndiyo imeongezeka.

Mbinu ni rahisi. Weka kidole kwenye kitenzi kikuu, uliza "ni nini hasa?", kisha rudi nyuma hadi uipate nomino inayojibu swali. Ruka kila kitu kinachoanza na "wa", "ya", "katika" na "kwa". Ukishaipata, soma nomino na kitenzi pekee, vikiwa sambamba: ujenzi umekamilika, bei imepanda, idadi imeongezeka. Sikio lako litakuambia ukweli papo hapo, hata kama hukumbuki jina la ngeli yoyote.

Tembo wanaovamia mashamba ya Liwale wana tatizo lao. "Kundi la tembo wamevamia" hutamkwa na wengi, lakini kundi ndilo lililotajwa, kwa hiyo "kundi la tembo limevamia". Kwa maoni yangu ni bora zaidi kulikwepa neno "kundi" na kuandika "tembo zaidi ya kumi wamevamia", maana msomaji anapata na idadi. Watu na wanyama wote hufuata a- na wa-, hata kama majina yao yana sura nyingine: kiongozi amesema, vijana wamejitolea, samaki wamevuliwa.

Mazao yetu yajue kwa ngeli zake mara moja, kisha hutahangaika tena: korosho zimeuzwa, mbaazi zimeuzwa, ufuta umeuzwa, mihogo imevunwa, nazi zimepanda bei. Gesi ya Mnazi Bay au ya Songo Songo "imezalishwa".

Neno "moja" nalo hubadilika. "Moja ya wakulima" si sahihi. Ni "mmoja wa wakulima". Kwa vyama ni "kimojawapo cha vyama vya msingi". Na "kila" hutaka umoja: kila mkulima amelipwa.

"Yeyote" na "yoyote" zimechanganywa hadi baadhi ya watu wanadhani ni neno moja. Mtu ni yeyote. Sababu ni yoyote. Jambo ni lolote, watu ni wowote, mahali ni popote. Na ukitumia "ambaye", usirudie urejeshi kwenye kitenzi: "mkulima ambaye aliyekosa malipo" amebeba urejeshi mara mbili. Chagua moja, "mkulima ambaye alikosa malipo" au "mkulima aliyekosa malipo". Mimi huchagua ya pili karibu kila mara, ni fupi na ni tamu zaidi kwa sikio la Mswahili. Tena ni "ambaye" na "atakaye", si "ambae" na "atakae".

Hatua ya nne: maneno ya watu wengine

Kosa kubwa la nukuu ni kuanza kwa taarifa na kumaliza kwa kauli ya msemaji: "Mwenyekiti alisema kuwa tutawalipa wakulima wote wiki hii." Sisi nani? Gazeti litawalipa wakulima? Andika ama: Mwenyekiti alisema, "Tutawalipa wakulima wote wiki hii," ama: Mwenyekiti alisema watawalipa wakulima wote wiki hiyo. Ukitoka kwenye nukuu, nafsi na maneno ya wakati kama "wiki hii" hubadilika.

Kuna jambo jingine ninalolijali sana. Pwani hii ina Kiswahili chake cha kale. Kilwa ilikuwa mji wa Waswahili karne nyingi kabla kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 haijaanza kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Mzee wa Kivinje anaposema neno la kwao, hajakosea. Katika nukuu, liache neno lake kama lilivyo na ueleze maana kama wasomaji wa mbali hawalijui. Usiandike lafudhi yake kwa kuvuruga tahajia ili wasomaji wacheke. Usanifu unauhitaji katika maneno yako wewe mwandishi.

Hatua ya tano: herufi zinazobadilishana

Kimakonde na Kiyao havina sauti ya r, na wengi wetu tumekua tukisikia l pekee nyumbani. Hilo si aibu. Lakini mkono huandika kile sikio lilichozoea, kwa hiyo kwenye habari ya uchaguzi tunapata "wananchi wapiga kula". Orodhesha katika daftari lako jozi zinazokusumbua wewe. Za kawaida ni kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu. Kila moja ya hizo ni neno halali, hivyo kompyuta haitakusaidia.

Kundi la pili ni dh, th, z na s. "Dhidi ya" ni kupingana, "zidi" ni kuongezeka. "Thamani" ni ubora au bei ya kitu, "samani" ni meza na viti, na "dhamana" ndiyo inayomtoa mshtakiwa rumande. Habari inayosema "halmashauri imenunua thamani za ofisi" imekosea neno. Andika fedha, madhumuni, maadhimisho, kadhaa, radhi.

Gh hupotea hasa kwenye habari za ushirika: ni korosho ghafi, ghala, gharama, na stakabadhi ghalani. Mfumo huo, ambao mkulima hupeleka mazao ghalani na kupewa stakabadhi kabla hayajauzwa mnadani, umetumika kwenye korosho tangu mwaka 2007, na kila mkulima wa Mtwara anaujua, kwa hiyo kuandika "stakabazi galani" ni kujivunjia heshima mbele ya watu wanaouishi.

H nayo huongezwa pasipohitajika na kuondolewa inapohitajika: ni ajira, athari, hasara, hafla. Tofautisha pia "ili" na "hili". Wakulima wamekutana ili kujadili tatizo hili.

Mwisho wa hatua hii, maneno mawili yanayofanana na kuvuruga maana: "kuwasilisha" ni kupeleka taarifa mbele ya kikao, "kuwakilisha" ni kusimama badala ya mtu. Diwani huwakilisha kata na huwasilisha hoja.

Hatua ya sita: maneno ya kutenganisha na ya kuunganisha

Hii ni ya haraka. Tenganisha: kwa hiyo, kwa sababu, kwa ajili ya, hata hivyo. Unganisha: mbalimbali, vilevile, palepale, mwanachama, mfanyakazi. Viambishi vya kitenzi usivitenge. Ni "anakwenda", si "ana kwenda". Fanya utafutaji wa neno "kwasababu" na "kwaajili" kwenye rasimu na umalize kazi.

Hatua ya saba: isome kwa sauti

Simama usome habari yote kama unamsomea mtu asiyeijua. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, sentensi ni ndefu mno. Ugonjwa wa habari zetu ni "ambapo", "huku" na "na kwamba" zinazofungasha sentensi nne katika moja. Mfano:

"Mkuu wa wilaya hiyo amewataka wananchi ambao wanaoishi karibu na bonde la Mto Ruvuma kuhama mara moja ambapo alisema kuwa mvua zinazoendelea kunyesha zinaweza kusababisha mafuriko na kwamba serikali haitamvumilia mtu yoyote atakaekaidi agizo hilo."

Baada ya kusafishwa:

"Mkuu wa wilaya hiyo amewataka wananchi wanaoishi karibu na bonde la Mto Ruvuma kuhama mara moja. Amesema mvua zinazoendelea kunyesha zinaweza kusababisha mafuriko, na serikali haitamvumilia mtu yeyote atakayekaidi agizo hilo."

Hakuna taarifa iliyopotea. "Ambapo" ibaki kwa mahali na wakati, haikuumbwa kuwa gundi ya kila kitu.

Kichwa, picha na mashine

Kichwa cha habari na maelezo ya picha huandikwa mwisho, watu wakiwa wamechoka, na ndivyo vinavyosomwa na kila mtu, hata asiyenunua gazeti. Viandike mwenyewe hata kama mhariri atavibadilisha. Linganisha kila jina la kwenye picha na lile la ndani ya habari, herufi kwa herufi, na hesabu watu walioko pichani kabla ya kuandika "kutoka kushoto".

Kama unaandika kwa simu, zima usahihishaji wa Kiingereza na uweke kibodi ya Kiswahili, Gboard inayo. Vinginevyo simu itakubadilishia maneno baada ya macho yako kupita. Kikagua tahajia cha kompyuta kitumie kwa makosa ya vidole tu. Hakijui kura na kula, wala hakijui kama mtu ameua au ameuawa.

Baada ya hapo chukua daftari. Gazeti likitoka, linganisha ulichotuma na kilichochapwa, na uandike kila badiliko la mhariri. Baada ya msimu mmoja utakuwa na orodha ya makosa yako mwenyewe, na hiyo itakufaa kuliko orodha yangu.

Kosa likishachapwa

Msomaji aliyeona kosa atume picha ya ukurasa, tarehe ya toleo, namba ya ukurasa, sentensi yenyewe na sahihisho analopendekeza. Ujumbe wa namna hiyo mhariri anaweza kuushughulikia siku hiyohiyo. "Magazeti ya siku hizi hayajui Kiswahili" hauna cha kushughulikiwa. Kwa utata wa neno au matumizi yake, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyoundwa mwaka 1967, ndicho chombo cha kuuliza.

Na mwandishi aliyeletewa kosa la kweli asilifiche. Kosa la tahajia lirekebishwe kwenye nakala ya mtandaoni. Kosa lililogusa jina la mtu, fedha au tuhuma lisahihishwe kwenye gazeti, kwa maneno machache yanayotaja kosa na ukweli wake, kwa mfano hivi:

"Masahihisho: Katika habari ya malipo ya korosho iliyochapwa ukurasa wa 5 toleo la Jumatatu, tuliandika kwamba wakulima wanadaiwa Sh milioni 40 na chama chao cha msingi. Ukweli ni kwamba wakulima ndio wanaokidai chama hicho fedha hizo. Tunawaomba radhi wakulima hao na wasomaji wetu."